Kuchagua Bareli ya Kishale Iliyonyooka: Mwongozo kwa Wachezaji wa Malindi na Pwani

Mchezaji wa vishale ambaye bareli yake haijamkaa vidoleni hujulikana kabla hajarusha. Anafika mstarini, anakizungusha kishale, anakisogeza mbele, anakirudisha nyuma, anafuta jasho kwenye suruali, anakishika upya. Hapa Malindi, msimu wa kaskazi, joto likiwa halijapungua hata baada ya isha, utawaona wengi wa namna hiyo. Wakikosa wanalaumu mkono, na mara nyingi mkono hauna hatia. Kilichochaguliwa vibaya ni kile kipande cha chuma kilicho kati ya ncha na shafti, yaani kijiti cha nyuma kinachobeba mabawa.

Tangu Desemba 2025, alipocheza David Munyua, daktari wa mifugo na Mkenya wa kwanza kufika Ubingwa wa Dunia wa PDC, shirika la vishale vya kulipwa, akamtoa Mike De Decker wa Ubelgiji seti 3–2 pale Alexandra Palace, London, ilhali alianza kwa kufungwa seti mbili, vijana wamezidi kuulizia vishale vya maana. Swali lao huwa moja: "Ninunue gramu ngapi?" Gramu zina nafasi yake, ila si ya kwanza. Mpango ninaousimamia ni huu: vidole vyako kwanza, halafu unene, halafu urefu, halafu uzito, halafu mikato, ile mifereji iliyochongwa juu ya bareli ili vidole vishike. Anayeanza na gramu hununua mara mbili.

Nitazungumzia vishale vya ncha ya chuma, vile vya ubao wa katani, na bareli iliyonyooka peke yake.

Bareli iliyonyooka inamfaa nani

Ni silinda. Mbele, katikati na nyuma unene wake ni mmoja. Labda pua tu imepunguzwa kidogo pale inapopokea ncha. Zipo nyingine zenye tumbo: kuna iliyonenepa mbele ikapungua kuelekea nyuma, na kuna iliyonenepa katikati. Hizo zinakuonyesha pa kushika, kwa sababu kidole hutembea mpaka kikutane na mwinuko, kikatulia. Iliyonyooka haikuonyeshi. Inakuachia ushike mbele, katikati au nyuma, na ukibadilisha mshiko mwakani bado itakufaa. Uhuru huohuo ndio unaowasumbua wengi, maana bila alama vidole vinaweza kutua mahali tofauti kila mara bila wewe kujua.

Faida yake nyingine iko ubaoni. Pete ya tripo, ile nyembamba inayozidisha alama mara tatu, ina milimita 8 tu kutoka waya hadi waya. Tripo ya 20, ukiipima kutoka ubavu hadi ubavu, haizidi sana milimita 30. Humo ndimo unamotaka kuingiza vishale vitatu. Bareli nyembamba isiyo na tumbo huacha njia kwa kishale kinachofuata. Yenye tumbo huziba njia, na cha tatu hugonga ubavu wa cha kwanza kikaanguka.

Kwa anayeanza, mimi naona iliyonyooka ndiyo ya kuanzia, kwa kuwa mshiko wake haujakaa bado na bareli yenye umbo itamlazimisha mshiko usio wake. Kwa aliyezoea miaka mingi kidole chake kukaa kwenye bonde la bareli iliyochongwa, simshauri ahame kwa sababu tu mabingwa fulani hutumia nyingine.

Hatua ya kwanza: vijue vidole vyako

Chukua kishale chochote ulicho nacho, hata cha kuazima, kikiwa kamili na shafti na mabawa. Kilaze juu ya kidole cha shahada ukisogeze polepole mpaka kisiinamie upande wowote. Hapo ndipo penye mizani yake. Weka alama ndogo kwa kalamu ya wino mzito.

Sasa pakaza poda kidogo kwenye dole gumba, shahada na kidole cha kati, pamoja na cha pete kama unakitumia. Kung'uta ziada. Tazama ubao, usitazame mkono, kisha chukua kishale kama unavyokichukua ukiwa katika mchezo. Inua mkono mpaka usawa wa kurusha, halafu kiweke chini taratibu na uangalie poda imebaki wapi. Kifute, urudie mara kadhaa.

Kijana mmoja wa Maweni alinijia akiwa na uhakika. "Ami, mimi nashika katikati."

"Hebu shika, mwanangu, tuone."

Poda ikasema kweli nusu. Dole gumba lake lilikuwa katikati kweli, juu kabisa ya alama ya mizani. Lakini kidole cha kati kilikuwa kimekwenda mbele mpaka ukingoni, nusu ya ncha ya kidole iko kwenye bareli na nusu iko hewani. Akirusha, kidole hicho kilikuwa kinasukuma ukingo badala ya kubeba. Miezi yote alikuwa akitafuta bareli nzito zaidi, kumbe alichohitaji ni bareli ndefu zaidi.

Andika mambo matatu. Kwanza, unatumia vidole vingapi. Pili, umbali kutoka ukingo wa mbele wa kidole cha mbele hadi ukingo wa nyuma wa kidole cha nyuma, kwa milimita. Huo nauita upana wa mshiko. Tatu, dole gumba liko wapi ukilinganisha na alama ya mizani: mbele yake, juu yake, au nyuma yake.

Hili la tatu lina uzito mkubwa. Ukishika karibu na mizani, kishale hukaa sawa bila kubanwa. Ukishika nyuma sana, pua inainama, na wewe bila kujua unabana ili isianguke. Kubana ndiko kunakoharibu. Kishale kinatakiwa kutoka vidoleni vyote kwa wakati mmoja, na kidole kilichobana hufunguka mwisho kikakivuta kishale upande wake. Nguvu inayotosha ni ile ya mshona kofia anapoishika sindano yake: haimponyoki, wala haimwachi na alama kwenye ngozi.

Hatua ya pili: unene, na chuma kilichotumika

Unene wa bareli hauamuliwi na mtengenezaji peke yake. Unaamuliwa na chuma. Shaba ya manjano ina uzito wa gramu 8 na nusu hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Tungsteni tupu ina gramu 19.3, sawa na dhahabu. Vishale havitengenezwi kwa tungsteni tupu kwa kuwa ni ngumu na hupasuka kirahisi. Huchanganywa na nikeli pamoja na chuma au shaba nyekundu. Ndiyo maana utaona imeandikwa asilimia 80, 90 au 95. Mchanganyiko wa asilimia 90 hukaribia gramu 17 kwa sentimita ya ujazo, yaani uzito wa shaba ya manjano mara mbili.

Fuata hesabu. Unataka kishale cha gramu 22 chenye bareli iliyonyooka ya milimita 50. Kwa shaba ya manjano, unene utafika milimita 8 hivi. Kwa tungsteni ya asilimia 90, utakuwa kati ya milimita 6 na 6 na nusu. Rudi kwenye tripo ya 20 na upana wake, weka bareli tatu za milimita 8 kando kwa kando, uone nafasi inayobaki kwa mkono wa binadamu kukosea. Vishale vya tungsteni vilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilienea haraka kwa sababu hiyo hasa.

Hata hivyo, nyembamba zaidi si bora zaidi kwa kila mtu. Mwenye vidole vinene na ngozi ngumu, mvuvi au fundi wa mbao kwa mfano, hupoteza hisia kwenye bareli ya milimita 6. Vidole vinagusana vyenyewe kabla havijaigusa vizuri. Huyo atastarehe na milimita 6.8 au 7. Mwenye vidole vyembamba atastarehe na milimita 6.2 hadi 6.5. Upo pia mpaka wa chini: tundu la kupokea shafti, kwa kipimo cha 2BA ambacho ndicho cha kawaida, lina karibu milimita 4.7, kwa hiyo bareli ya milimita 5 na nusu inabakiza ukuta mwembamba sana kuzunguka tundu. Mimi kwa matumizi ya klabu singeshuka chini ya 6.

Kupima unene usitegemee macho. Fundi yeyote wa mashine ya kereza ana kalipa, kifaa cha kupimia unene. Mwombe akupimie mbele, katikati na nyuma. Vipimo vitatu vikilingana, bareli imenyooka kweli. Zipo zinazouzwa kwa jina hilo huku nyuma zimepungua kwa nusu milimita, na kidole chako kitalijua hilo kabla ya jicho.

Hatua ya tatu: urefu

Hapa sina maneno mengi. Chukua ule upana wa mshiko, ongeza nafasi ya kidole kimoja mbele au nyuma. Vidole vyote vinavyoshika lazima vikae juu ya bareli. Kisiwepo hata kimoja kinachobeba uzito kikiwa juu ya shafti. Kidole cha mbele kikipenda kugusa ncha kwa ajili ya kuelekeza, sawa, ilimradi kinagusa tu.

Bareli nyingi zilizonyooka ziko kati ya milimita 45 na 55. Anayeshika kwa vidole vitatu vilivyokusanyika, milimita 45 hadi 48 zinamtosha. Anayeshika kwa vidole vinne vilivyotanda, au anayeshika nyuma huku kidole kimoja kikinyooka mbele, aanzie 52. Kumbuka kwamba kwa uzito uleule, ukirefusha bareli inakuwa nyembamba. Ukiona bareli ya gramu 24 yenye milimita 54 na nyingine ya gramu 24 yenye milimita 46, hizo ni bareli mbili tofauti kabisa mkononi.

Hatua ya nne: uzito

Sheria za mashindano zinaruhusu kishale kizima hadi gramu 50 na urefu wa sentimita 30.5. Hakuna anayehitaji kufika huko. Wengi wako kati ya gramu 20 na 26, na kwa asiyejua aanzie wapi, 22 hadi 24 ndipo pa kusimama kwanza.

Kwa nguvu ileile ya mkono, kishale kizito hutoka polepole kuliko chepesi, kwa hiyo hupanda na kushuka zaidi njiani. Chepesi hutoka haraka, lakini hupokea kila mtikisiko mdogo wa kifundo cha mkono. Anayerusha kwa mkono wa taratibu na upinde mkubwa, gramu 23 hadi 25 humsaidia kutulia. Anayerusha kwa haraka na mstari ulionyooka anaweza kushuka hadi 20 au 21.

Wachezaji wetu wana jambo lao moja: feni. Kumbi nyingi za hapa zina feni ya dari karibu na mstari wa kurushia, na bila hiyo hakukaliki. Kishale chepesi chenye mabawa mapana huyumbishwa na upepo huo. Kama klabu yako ndivyo ilivyo, ongeza gramu moja au mbili kuliko ulivyokusudia, au punguza upana wa mabawa.

Hatua ya tano: mikato

Hapa ndipo Malindi inapotofautiana na maeneo ambako vishale vingi hutengenezwa na kujaribiwa. Mtu anayecheza Uingereza mwezi wa Januari ana ngozi kavu. Wewe una unyevu wa bahari, joto, na jasho la kiganja. Mikato iliyosifiwa kule inaweza kukushinda hapa, na iliyoonekana kali mno kule ikawa ndiyo yako.

Mikato ya pete ndiyo ya kawaida kwenye bareli iliyonyooka: mifereji inayoizunguka, mara nyingi kwa nafasi sawa. Ubora wake hapa ni kwamba jasho lina pa kwenda. Linaingia mferejini, na ngozi inabaki imeshika ukingo mkavu. Pete zenye mifereji ya kina cha wastani na kingo zilizo wazi ndizo ninazompendekezea mchezaji wa pwani kabla ya nyingine zote.

Pete ndogo zilizobanana sana huonekana nzuri dukani. Mkononi mwenye jasho hujaa haraka. Uchafu, poda na mafuta ya ngozi hukaa ndani, na baada ya muda mfupi unashika kitu laini.

Mikato ya meno ya papa ina upande mmoja uliolala na upande mmoja uliosimama. Yakielekea nyuma, hukupa mahali pa kusukumia. Kidole kinakaa nyuma ya jino na kukiendesha kishale mbele. Kwa mwenye jasho jingi ni msaada mkubwa. Lakini jino likiwa kali, hushika ngozi wakati wa kuachia, na kishale hutoka kikiwa kimeinua au kimeinamisha pua. Ukiona vishale vyako vinayumba mwanzoni kabisa mwa safari, mara tu vinapotoka mkononi, shuku mikato kwanza.

Mikato ya miraba, yaani pete zilizokatwa tena kwa urefu wa bareli, na ile ya msasa iliyochongwa kwa mistari inayopishana, hushika kwa nguvu pande zote. Kwa vidole vikavu ni kali mno. Kwa vidole vya hapa hufaa, ila huchubua ngozi ya anayefanya mazoezi ya saa nyingi, na huisha mapema kwa kuwa vilele vyake ni vidogo.

Bareli laini isiyo na mikato simshauri mtu wa Malindi hata mmoja, isipokuwa mwenye viganja vikavu kwa maumbile.

Wachezaji wanaosafiri wafikirie na Nairobi, ambako mashindano mengi hufanyika. Mwezi wa Julai kule ni baridi, ngozi inakauka, na mikato mikali uliyoizoea hapa itaanza kukung'ang'ania vidole. Mikato ya wastani huhudumia miji yote miwili. Mikali sana itakulazimu kuwa na seti mbili.

Angalia pia mikato imekaa wapi. Bareli nyingine zina mikato mbele tu na nyuma pako wazi. Nyingine zina ukanda laini katikati ya sehemu mbili zenye mikato. Kwa bareli iliyonyooka, mpaka huo kati ya laini na iliyokatwa ndio alama ambayo umbo halikukupa. Dole gumba likijifunza kuutafuta mpaka, litatua mahali pamoja usiku kucha. Fumba macho, chukua kishale, tafuta mpaka kwa dole. Ukiupata bila kusitasita, bareli hiyo imekuelewa. Ukihitaji kufumbua macho, iache.

Kabla hujalipa

Bareli nzuri ni ghali, na wengi wetu tunaziagiza Mombasa au Nairobi, pesa inakwenda kwa simu na mzigo unakuja kwa basi. Muulize muuzaji vipimo vyote kabla ya kutuma hata shilingi: asilimia ya tungsteni, urefu, unene, gramu, na aina ya mikato. Asiyeweza kutaja unene hajui anachouza. Elewaneni pia mapema kuhusu kurudisha mzigo usiolingana na maelezo.

Mzigo ukifika, nenda kwa sonara. Mizani yake inasoma sehemu ndogo za gramu, na hiyo ndiyo unayoihitaji. Toa shafti na mabawa, pima bareli moja moja pamoja na ncha zake. Seti nzuri hutofautiana kwa sehemu ndogo sana ya gramu. Ikiwa moja imezidi wenzake kwa nusu gramu, hiyo si seti, ni vishale vitatu vilivyokutana kwenye boksi.

Akiwa na nafasi, mwombe sonara apime na ndani ya maji, namna anavyopima dhahabu. Funga bareli kwa uzi mwembamba, izamishe kwenye glasi ya maji bila kugusa chini, itikise viputo vitoke tunduni, usome uzito ikining'inia. Kishale cha gramu 22 cha tungsteni ya asilimia 90 kitapungua takriban gramu 1.4 ndani ya maji, ncha ikiwemo. Cha shaba ya manjano kitapungua karibu gramu 2.6. Tofauti hiyo haifichiki kwa rangi wala kwa boksi zuri. Sumaku usiitegemee: michanganyiko ya tungsteni yenye chuma huvutwa kidogo, isiyo na chuma haivutwi, na zote mbili ni halali.

Kisha zungusha kila bareli juu ya kioo kilichonyooka. Iliyopinda itaonyesha mwanga unaofunguka na kufunga chini yake. Tazama ncha inavyozunguka. Ikichora duara hewani, haikuingizwa sawa. Funga shafti moja kwenye bareli zote tatu, moja baada ya nyingine. Inapaswa kuingia kwa vidole bila kulazimishwa na kukaa bila kucheza.

Shafti na mabawa kwanza, bareli baadaye

Mtu akinunua bareli na siku ya pili akaichukia, namwambia asubiri. Shafti na mabawa ni bei ndogo, na hubadilisha mwenendo wa kishale kwa kiasi kikubwa. Shafti ndefu hurudisha mizani nyuma. Fupi huileta mbele. Kama poda ilionyesha unashika nyuma ya mizani, jaribu shafti ndefu zaidi kabla ya kutafuta bareli nyingine. Mabawa mapana hukisawazisha kishale haraka kikitoka vibaya, lakini hupokea upepo na hugongana ubaoni. Membamba hupita karibukaribu, ila hayasamehi mkono uliotetereka. Bareli iliyonyooka, iliyo na mizani karibu na katikati, huanza vizuri na shafti ya wastani na mabawa ya kawaida. Anzia hapo, ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha viwili pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia.

Shafti za plastiki hukatika lakini hazilegei sana. Za alumini hudumu, ila hulegea kwa mitikisiko. Zikaze kila baada ya raundi.

Jaribio la ubaoni

Hakikisha ubao umewekwa sawasawa, la sivyo jaribio lote ni bure. Kitovu cha jicho, ile duara ndogo ya katikati ya ubao, kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni. Mstari wa kurushia uwe mita 2.37 kutoka uso wa ubao, si kutoka ukutani. Ubao una unene wake, na kosa hilo ni la kawaida sana kwenye kumbi zetu. Timazi la fundi mwashi, likining'inizwa mbele ya ubao, litakuonyesha pa kuanzia kupima sakafuni.

Jaribu saa zilezile unazocheza. Bareli inayokaa vizuri saa mbili asubuhi inaweza kukuteleza saa tatu usiku. Pasha mkono kwanza mpaka utoke jasho la kawaida yako. Chagua shabaha moja, tripo ya 20, usihame. Rusha raundi kumi, feni ikiwa imezimwa, halafu kumi ikiwa inazunguka. Chora ubao kwenye karatasi na utie nukta pale kila kishale kilipotua.

Sasa soma nukta. Zikikusanyika pamoja lakini chini ya shabaha, bareli ni nzuri. Lililobaki ni lengo lako, au labda mabawa. Usiibadilishe. Zikitawanyika juu na chini, unaachia kwa nyakati tofauti, na chanzo mara nyingi ni mshiko unaoteleza au unaong'ang'ania: rudi kwenye mikato. Zikitawanyika kushoto na kulia, chunguza dole gumba. Huenda linatua ubavuni mwa bareli badala ya mahali pake, na bareli nyembamba mno kwa vidole vyako huleta hilo mara kwa mara. Zikitawanyika kote, badilisha shafti kwanza, rudia.

Tazama na pembe ya kishale kikiwa kimesimama ubaoni. Mkia ulioinuka kidogo ni jambo la kawaida. Ukiinuka sana, huficha tripo kwa kishale kinachofuata. Shafti fupi zaidi huweza kuurekebisha. Vishale vitatu vikisimama kwa pembe tatu tofauti, mshiko wako haujatulia, hata kama alama zilikuwa nzuri.

Halafu pumzika siku mbili, usizishike kabisa. Ukizirudia na vidole vikaenda mahali pake vyenyewe, zichukue.

Kuzitunza kwenye hewa ya chumvi

Mchanganyiko wa tungsteni hauli kutu kirahisi, lakini ncha ni chuma, na upepo wa bahari unaijua. Ukimaliza kucheza, futa bareli na ncha kwa kitambaa kikavu cha pamba kabla ya kuzirudisha kwenye kibebeo. Ncha unaweza kuzipaka tone la mafuta ya cherehani kwa kijiti cha pamba. Yasifike kwenye bareli, na yafute kabla ya mchezo. Ncha ikifanya ukungu wa kutu, isugue kwa jiwe laini la kunolea ukiizungusha, usiichonge ikawa kali kama sindano: ncha kali mno huchana katani ya ubao na hupinda ikigonga waya.

Mikato isafishe kila wiki kwa mswaki wa zamani, maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ukifuata mifereji, usiipinge. Anika juu ya taulo ukiwa umetoa shafti, ili tundu likauke. Mikato ikiisha, usikubali fundi aikate upya kwa tupa au mashine ya kereza, hata akiwa hodari. Kila kinachotoka ni uzito, na hakitoki sawa kwenye bareli zote tatu. Paka nta ya vidole ya wachezaji, ambayo huongeza mshiko kwa muda, huku ukitafuta seti nyingine ya vipimo vilevile ulivyoandika siku ya poda.